Ruta ya Meku haikuwa na kosa

Mwezi wa saba nilimshauri mzee wa watu anunue ruta mpya ya intaneti. Shilingi 95,000. Akainunua siku hiyo hiyo, na jioni akanipigia: "Binti, nimeiwasha, taa zote za kijani. Ila kile kiduara cha programu yako bado kinazunguka."

Tunamwita Meku, kama wazee wengi wa huku Uchaggani. Alipandisha wageni mlimani miaka na miaka, magoti yalipogoma akafungua duka la kukodisha vifaa, hatua chache kutoka stendi kuu ya Moshi. Buti, jaketi za baridi, mifuko ya kulalia, fimbo, mahema, taa za kuvaa kichwani. Ukihesabu kwa aina, ni 40. Ishike hiyo namba, tutaihitaji.

Kazi yangu ilikuwa kumtoa kwenye daftari. Nilimtengenezea programu ya kwenye simu: unafungua, unaona kila aina ya kifaa, vipo vingapi dukani, vingapi vimetoka, vimetoka na nani, vinarudi lini. Tuliianza mwezi wa nne, masika, mlimani hakuna watu, Meku ana muda wa kukaa na mimi kwenye stuli tukaingiza vitu. Tuliingiza aina sita za kujaribia. Orodha ilikuwa inafunguka kabla Meku hajamaliza kuvaa miwani. Alimwita hadi jirani yake wa duka la simu aje aone. Nikaletewa soda.

Mwezi wa sita msimu ukaanza, tukaingiza vilivyobaki vyote. Hapo ndipo kiduara kilipozaliwa.

Siku iliyonikata maini niliikuta mwenyewe. Saa kumi na mbili asubuhi, Moshi imejaa mawingu na baridi yake ile ya Julai, Noah imesimama nje injini inaunguruma, wanaenda geti la Machame. Mwongozaji akaingia mbio: wageni wawili hawana taa za kichwani, na usiku wa kileleni bila taa huendi popote. Meku akachukua simu, akafungua programu yangu. Kiduara. Akanitazama. Kiduara. Dereva nje akapiga honi. Meku akailaza simu kifudifudi juu ya kaunta, akavuta daftari kutoka chini, akalamba kidole, akafunua kurasa mbili. "Zipo nne, moja betri imechoka." Akaenda kuzitoa. Niliigeuza ile simu. Ilikuwa imemaliza. Ilisema zipo nne.

Alichosema baadaye hakikuwa kejeli, na ndiyo maana kiliuma: "Daftari sijawahi kulisubiri."

Nikajibu kile ambacho kila mtu wa kazi hii amewahi kujibu. "Ni mtandao, Meku. Asubuhi unasumbua."

Nchi hii ukisema mtandao unasumbua, hakuna atakayekuuliza swali la pili. Unaambiwa dirishani unapokwenda kulipia kitu, unaambiwa kwa wakala wa pesa, na wewe unatikisa kichwa, unakaa kwenye benchi. Tumeuzoea kwa sababu mara nyingine ni kweli tupu: Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zinazoleta intaneti Afrika Mashariki zilipata hitilafu kwa pamoja, na siku kadhaa tulikuwa tunatuma ujumbe kama watu wanaotuma barua. Kwa hiyo Meku akanielewa, akanisamehe. Ubaya wa hiyo sentensi ni kwamba ukishaitamka, na wewe mwenyewe unaacha kutafuta. Mimi niliacha wiki tatu. Tukabadilisha laini. Tukahamisha simu karibu na mlango. Tukafika kwenye ruta.

Aliyeniamsha ni mdogo wangu, anasoma Ujerumani. Nilimtumia programu niringe kidogo, nimwonyeshe dada yake anafanya nini siku hizi. Akajibu: "Nzuri dada, lakini mbona inazunguka sana?" Nikamuuliza ana intaneti gani. Akanitumia picha ya kipimo cha kasi cha hosteli yao. Sitaitaja hiyo namba, nitaumia tena.

Ruta ya Meku haifiki Ujerumani. Nikafunga mlango, nikachemsha chai, nikafungua laptopu.

Kwa wasio wa fani: programu yenyewe nimeijenga kwa mtindo wa bila seva. Seva, zile kompyuta zinazojibu maombi, zipo, ila si zako na hazikai macho zikikusubiri. Unaandika kipande cha programu, tukiite funksheni, unakikabidhi kwa kampuni, nacho kinaamshwa pale tu ombi linapofika. Amazon walipotoa huduma yao ya Lambda mwaka 2014 ndipo mtindo huu ulipoanza kuenea. Fikiria mama lishe ambaye jiko lake limezimwa hadi mteja atokee. Mteja akija anawasha mkaa, anapika, akiona muda umepita hakuna mtu, anazima. Hulipi mkaa wa bure. Kwa duka kama la Meku, ambalo usiku mzima halina ombi hata moja, gharama ni karibu na sifuri, na ndiyo maana niliuchagua. Mteja wa kwanza wa asubuhi ndiye anayesubiri mkaa ushike.

Basi nilijua kuhusu mkaa. Nikadhani nimeshampata mchawi. Lakini Meku alilalamika hata saa nane mchana, duka limejaa, jiko lina moto. Nikapima mchana: sekunde tano. Nikapima asubuhi: tisa na kidogo. Mkaa unaweza kuelezea zile nne za tofauti. Hauwezi kuelezea tano za mchana.

Nilianza na curl, ile amri ya kutuma ombi ukiwa kwenye dirisha jeusi, kwa sababu inaweza kukukatia muda vipande vipande: kutafuta anwani, kushikana mkono na seva, kukubaliana siri za TLS (kufuli la mawasiliano), kusubiri jibu. Kutoka nyumbani kwangu Pasua, kwenda na kurudi mara moja ilikuwa milisekunde 260 hivi. Kushikana mkono na siri zikala kama sekunde 0.8. Si haba, lakini kivinjari kikishafungua njia hiyo kinaitumia tena. Kilichobaki chote kilikuwa kusubiri jibu.

Ningekuwa na akili ningeanza na logi. Kila ombi likiisha, mfumo unaandika mstari mmoja unaosema funksheni ilifanya kazi muda gani. Nilikuwa nimeuona huo mstari mara mia bila kuusoma, kama unavyopita kwenye tangazo la msiba la mtaa usio wako. Ulisema: milisekunde 4,600. Sasa sikiliza. Saa hiyo inaanza kuhesabu ombi likishaingia ndani ya funksheni, inasimama jibu kabla halijaondoka. Bando, laini, mnara wa simu wa pale stendi, ruta ya shilingi 95,000, vyote viko nje ya hesabu hiyo. Katika sekunde tano za Meku, nne na nusu zilikuwa zinaliwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Nikaweka saa ndani. Kabla ya kila hatua andika muda, baada ya kila hatua andika muda. Nikapeleka, nikaita, nikasoma. Kufungua njia ya kwenda kwenye databesi, lile ghala la kumbukumbu zote za duka: milisekunde 610. Swali la kwanza kwa databesi: 93. La pili: 91. La tatu: 92. 92. 94. 92. 91. Likashuka hivyo hivyo mpaka mwisho wa kioo, mistari 41.

Niliitazama hiyo orodha kwa muda mrefu kuliko inavyostahili kusemwa hadharani. Swali la "mifuko ya kulalia imetoka mingapi" databesi hulijibu ndani ya milisekunde moja au mbili, meza yenyewe ina mistari mia chache. Tena muda wa kazi hupanda na kushuka, swali gumu likachelewa, jepesi likawahi. Hapa maswali yote yalikuwa na namba moja, kama nauli ya daladala: uwe umebeba ndizi au umebeba laptopu, unalipa ile ile. 92 ilikuwa nauli. Nikaenda kuangalia safari inatoka wapi inakwenda wapi.

Databesi iko Frankfurt. Nilichagua mwenyewe, nilikaa nikafikiria, nikasema Ulaya ni karibu na Moshi kuliko Marekani. Funksheni iko Virginia. Hiyo sikuichagua. Siku ya kwanza kabisa nilinakili faili la mipangilio kutoka kwenye somo moja la mtandaoni, na ndani yake kulikuwa na neno moja la kanda, yaani la kusema seva ziwe wapi, us-east-1, nikaliacha kama nilivyolikuta. Ghala nililitafutia kiwanja kwa makini, jiko nikaliacha ng'ambo ya Atlantiki.

Nuru ndani ya uzi wa kioo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Virginia mpaka Frankfurt ni kilomita 6,500 hivi, kwenda na kurudi 13,000. Hata kama waya ungenyooshwa kama rula, huwezi kuteremka chini ya milisekunde 65, na waya za baharini hazijanyooshwa. 90 na kidogo ni halali kabisa. Hakuna kompyuta ya kununua itakayoipunguza.

Bado hiyo 92 peke yake isingemuudhi mtu. Kosa la pili ndilo lililoizidisha. Nilivyoandika programu, funksheni inauliza kwanza: nipe orodha ya aina za vifaa. Zinakuja 40. Halafu inashika moja moja: buti zimetoka ngapi? Inasubiri jibu. Fimbo je? Inasubiri. Moja jumlisha 40. Zidisha mara 92, unapata sekunde 3.8 kasoro kidogo. Ongeza ile 610 ya kufungua njia, ambayo nayo nilikuwa naifungua upya kila ombi, na kufungua njia ya databesi ni kwenda na kurudi mara sita au saba kabla hamjaongea chochote cha maana. Na vikorokoro vingine. Hiyo hapo 4,600.

Ndiyo maana mwezi wa nne kulikuwa shwari: aina sita, maswali saba. Na ndiyo maana kwenye laptopu yangu kulikuwa shwari siku zote, databesi ya majaribio imo humo humo ndani ya laptopu, nauli ni sifuri. Ningeweza kuuliza maswali elfu moja nisihisi kitu.

Kazi ya kwanza ilikuwa kubadilisha neno. us-east-1 ikawa eu-central-1, Frankfurt, mtaa mmoja na databesi. Saa tano usiku nikapeleka, nikaita. Nikaita tena kwa sababu sikuamini. Ombi la mchana likatoka sekunde tano likaja chini ya moja. Neno moja! Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Na hapo ungeweza kulala. Maswali 41 kwa milisekunde mbili mbili hayafiki hata sehemu ya kumi ya sekunde, nani ataona? Lakini kuna duka la Arusha lenye vifaa mara nyingi ya vile vya Meku limeshaniulizia hii programu, na zaidi ya hapo niliona aibu tu. Nikayaunganisha yote kuwa swali moja: nipe kila aina pamoja na hesabu ya vilivyotoka, databesi ijumlishe yenyewe, hiyo ndiyo kazi iliyoajiriwa. Dakika 20. Nikaihamisha na sehemu ya kufungua njia, ikakaa nje ya funksheni, ili ikishafunguliwa ombi linalofuata liikute wazi.

Asubuhi bado ilikuwa sekunde nne. Huo sasa ndio ulikuwa mkaa.

Watu wa fani wana ujanja wao: weka saa iamshe funksheni kila dakika tano, jiko lisizimike. Niliweka. Kesho yake asubuhi Meku akafungua, kiduara kile kile. Nilikaribia kurusha simu. Kumbe ukurasa wangu unapofunguka unatuma maombi matano kwa mpigo: vifaa, wateja, malipo, vilivyochelewa, na jina la aliyeingia. Kwenye Lambda kila nakala ya funksheni hushughulikia ombi moja kwa wakati. Maombi matano yakifika pamoja, mama lishe anaita wenzake wanne, kila mmoja awashe jiko lake. Mimi nilikuwa napasha moja. Manne yalikuwa yanawashwa mbele ya Meku, na ukurasa hauonyeshi kitu mpaka wote watano wamalize.

Kampuni inaweza kukuwekea majiko yakae na moto muda wote, unalipia. Sikutaka kumpandishia Meku bili kwa uvivu wangu. Nikayafanya maombi matano kuwa moja. Nikaangalia mkaa wenyewe kwa nini unachukua sekunde tatu kushika, nikakuta kila funksheni inapoamka inapakia maktaba nzima nzito, yaani furushi la programu, ya kutengeneza risiti za PDF. Risiti ambazo Meku hutoa labda mbili kwa wiki, kwa wageni wanaotaka karatasi. Nikaihamishia kwenye risiti huko, ipakiwe ikiombwa. Kuamka kukashuka hadi nusu sekunde.

La mwisho lilikuwa dogo, na nalitaja kwa sababu lilinificha sana. Ukurasa wangu upo kwenye anwani moja, API, ule mlango wa kuifikia funksheni, kwenye nyingine, kwa hiyo kivinjari kabla ya ombi lenyewe kinatuma jingine la kubisha hodi, kuuliza kama kinaruhusiwa. Safari nzima ya ziada. Unaweza kukiambia ruhusa hii itunze, usibishe tena. Usipokiambia, Chrome huikumbuka sekunde tano tu. Ukiiambia, inakubali hadi muda wa saa mbili. Nikaiambia saa mbili.

Wameshaniuliza wenzangu kwa nini sikuhamia Cape Town, Amazon wana kanda huko tangu 2020. Databesi ninayoitumia haipo Cape Town. Nikipeleka funksheni kusini na kuacha databesi kaskazini nimerudi kule kule nilikotoka, safari hii kwa makusudi.

Leo mchana ni kama sekunde 0.3. Asubuhi, ya kwanza kabisa, moja na nusu.

Nilikwenda dukani siku ya tatu baada ya marekebisho. "Shikamoo Meku." "Marahaba, binti. Naona mtandao umetengemaa." Alikuwa anatabasamu, simu mkononi. Ningeweza kuitikia. Neno lilikuwa tayari mdomoni, ndiyo Meku, umetengemaa, na tungekunywa kahawa yakaisha. Nilitazama ile ruta, ameitundika juu kabisa ukutani karibu na picha yake ya zamani akiwa Uhuru na wazungu wawili, amefunga na waya wake vizuri kwa utepe.

Nikamwambia haukuwa mtandao. Ilikuwa kazi yangu.

Akataka kujua ilikuwaje, na huyu mzee kompyuta hazijui ila watu wa mlimani anawajua. Nikamwambia: uko kambi ya Barafu, unamtuma mgumu wako, mpagazi, ashuke mpaka geti la Mweka akaulize buti zipo ngapi. Anashuka, anauliza, anapanda, anakwambia. Kisha unamtuma tena akaulize fimbo. Kisha mahema. Mara 41. Na yeye ameshika karatasi, angeweza kuuliza yote mara moja.

Meku akaweka simu chini. "Mara arobaini na moja?"

"Ndiyo."

"Huyo mpagazi hana kosa. Mimi ningemfukuza aliyemtuma."

Tukacheka, yeye zaidi yangu. Halafu akanyamaza, akaangalia juu ukutani. "Na ruta?"

Nikasema nitaikata kwenye bili ya mwezi wa nane. Hakukataa. Akainama, akavuta daftari, akalamba kidole, akafika kwenye ukurasa wa wanaodaiwa, akaandika jina langu na 95,000 chini ya kijana mmoja ambaye hajarudisha fimbo mbili tangu mwezi wa pili.